Silabi Inayomezwa: Redio ya Mkononi na Historia ya Kiswahili cha Kazini

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya redio ya mkononi ya kupokezana mazungumzo na lugha iliyoandamana nayo. Inadai kwamba maneno ya redio ya kimataifa yalichujwa kwa majaribio ya sikio, ilhali Kiswahili kilisanifiwa kwa maandishi. Tofauti hiyo ina athari za usalama, kwa kuwa ukanushi wa Kiswahili hukaa katika silabi ambayo chombo hiki huimeza kwanza.

Utangulizi

Mfano mmoja unatosha kulifungua suala hili. Mlinzi wa ghala anawaona watu watatu uani usiku. Anabonyeza kitufe cha redio yake na papo hapo anasema, “Hawana silaha.” Redio huhitaji sehemu ndogo ya sekunde kutoka hali ya kupokea kuingia hali ya kurusha, na ikiwa mawimbi yanapitia mtambo wa kurushia upya ulio kilimani, ambao mafundi huuita ripita, muda huo huongezeka. Silabi ya kwanza haifiki. Mwenzake aliye langoni anasikia sentensi kamili, sanifu, isiyo na dosari ya kisarufi: “Wana silaha.”

Mzungumzaji wa Kiingereza au Kifaransa akimezewa silabi ya kwanza ya sentensi yenye maana hiyo, kwa kawaida hupoteza kiwakilishi cha nafsi tu. Ukanushi hubaki katikati ya sentensi, ambako chombo hakiufikii. Mafunzo ya kazini hulitatua jambo hili kwa agizo fupi: bonyeza, subiri kidogo, ndipo useme. Agizo hilo ni sahihi, lakini mtu aliyeogopa halikumbuki, na redio hutumika zaidi watu wanapoogopa.

Chombo na masharti yake

Redio ya kubebwa haikuzaliwa vitani, ingawa vita ndivyo vilivyoikuza. Mwaka 1937 nchini Kanada, Donald Hings alitengeneza redio ya kubebeka kwa ajili ya kampuni ya madini iliyofanya kazi katika nyika zisizo na nyaya za simu. Nchini Marekani, Al Gross alikuwa na chombo chake kufikia mwaka 1938. Kisha kampuni ya Galvin, ambayo mwaka 1947 ilichukua jina la Motorola, ililitengenezea jeshi la Marekani vyombo viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa. SCR-300 kilibebwa mgongoni na kilikuwa na uzito wa kati ya kilo 14 na 17. SCR-536 kilishikwa kwa mkono mmoja, kikiwa na uzito wa kilo 2.3 hivi, na juu ya nchi kavu kilifika umbali wa takriban kilomita moja na nusu. Hakikuwa na swichi ya kuwashia: askari alivuta antena nje, nacho kikawaka. Ujio wa transista uliondoa taa za kioo, na mwaka 1962 Motorola ilitoa HT-200, chombo kisichofika kilo moja. Tangu hapo redio ilitoka mikononi mwa askari wa vita ikaingia kwa makuli, walinzi, askari wa wanyamapori, mafundi wa umeme na waongoza watalii.

Umbo limebadilika, lakini masharti yake ya kiisimu hayajabadilika sana. Watu wote wa chaneli moja hutumia masafa yale yale, na anayesema hasikii. Wawili wakibonyeza kwa pamoja, wa tatu husikia mlio tu. Sauti inayopita hukatwa chini ya takriban hezi 300 na juu ya takriban hezi 3,000, kwa hiyo konsonanti za mkwaruzo, kama vile s, f na h, hupoteza sehemu kubwa ya utambulisho wake. Hakuna uso, hakuna ishara ya mkono, wala hakuna nafasi ya kumkatiza msemaji.

Gharama ya masharti hayo ilionekana tarehe 27 Machi 1977 katika uwanja wa Los Rodeos, Tenerife, pale ndege mbili kubwa zilipogongana katika ukungu na watu 583 wakafa. Ujumbe wa mnara wa kuongozea ndege na ujumbe wa rubani wa ndege ya pili ulirushwa kwa wakati mmoja, na ndani ya ndege ya kwanza ukasikika mlio. Kabla ya hapo rubani msaidizi Mholanzi alikuwa ametumia usemi wa Kiingereza ambao mnara uliuelewa kuwa ndege inasubiri, kumbe ilikuwa imeanza kukimbia. Baada ya ajali hiyo, neno la kuruka lilifungiwa: halitamkwi hewani ila pale ruhusa yenyewe ya kuruka inapotolewa au kufutwa.

Maneno yaliyochujwa kwa sikio

Alfabeti ya redio inayojulikana leo, ile ya Alfa, Bravo na Charlie, ilianza kutumika tarehe 1 Machi 1956. Ilitokana na kazi ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, na mwanaisimu Jean-Paul Vinay wa Chuo Kikuu cha Montréal alishiriki katika kuiunda. Orodha ya awali ya mwaka 1951 ilileta malalamiko mara tu ilipoingia kazini, kwani Nectar ilisikika kama Victor, na Delta ilichanganywa na Extra. Majaribio yakarudiwa kwa wasemaji wa mataifa 31, na maneno matano yakabadilishwa. Coca ikawa Charlie, Metro ikawa Mike, Nectar ikawa November, Union ikawa Uniform, na Extra ikawa X-ray. Hata tarakimu za Kiingereza ziliguswa: tisa iliongezewa silabi ili isichanganywe na tano.

Jambo la kuzingatia hapa ni utaratibu wenyewe. Maneno hayakupitishwa kwa kuwa ni fasaha au ya asili, bali kwa kuwa yalisikika katika kelele. Lugha zilizokusudiwa zilikuwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania.

Usanifishaji wa Kiswahili ulichukua njia nyingine. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilishughulika na tahajia, kamusi na vitabu vya shule, na vyombo vilivyofuata baada ya uhuru vilirithi mwelekeo huo wa maandishi. Hilo si kosa, kwa sababu shule zilihitaji vitabu. Lakini matokeo yake ni kwamba Kiswahili sanifu kimepimwa kwa jicho zaidi kuliko sikio, na redio ilipokifikia, kiliingia hewani bila kujaribiwa.

Kiswahili hewani

Si kila ukanushi wa Kiswahili uko hatarini kwa kiwango kimoja, na ni vyema jambo hili lielezwe kwa usahihi. “Hawaingii” ikipoteza ha- hubaki “waingii,” ambayo irabu yake ya mwisho inamshtua msikilizaji. “Hawakuingia” hubaki “wakuingia,” nayo ni mbovu dhahiri. Ukanushi wa si- nao huacha kisiki: “sijafika” huwa “jafika.” Hatari iko mahali patatu: wakati ujao, “kuwa na,” na viambishi vya mahali. “Hatutaingia” huwa “tutaingia.” “Hawana” huwa “wana.” “Hayupo” huwa “yupo,” na “haipo” huwa “ipo.” Hayo ndiyo maswali ya redio hasa: mtafanya nini, wana nini, yuko wapi. Aidha, h yenyewe ni sauti dhaifu katika mkanda wa redio, na wako wasemaji wengi, hasa Kongo, ambao kwa kawaida hawaitamki.

Historia ina kejeli yake hapa. Kiswahili cha kambi za King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, na jamaa yake Kiswahili cha walowezi, vilidharauliwa na wanasarufi kwa kuvunja upatanisho na kukanusha kwa neno “hapana” lililosimama peke yake. “Hapana iko” ni sentensi ambayo mwalimu yeyote ataipiga mstari mwekundu. Hata hivyo neno hilo lina silabi tatu, na likipoteza ya kwanza bado hutambulika. Lugha hiyo haikuundwa kwa ajili ya redio, na hakuna sababu ya kuirejesha pamoja na uhusiano wa bwana na mtumwa ulioizaa. Lakini mbinu yake ya kuutoa ukanushi nje ya kitenzi inafaa kuazimwa: “Hapana, narudia, hapana: hatutaingia.”

Urithi mwingine wa kambi hizo ni “afande,” neno la Kituruki lililofika kwa askari wa Afrika Mashariki kupitia Sudan. Hewani limekuwa na faida isiyotarajiwa. Maamkizi ya Kiswahili yana hatua nyingi, na mdogo hawezi kuingia moja kwa moja kwenye shauri mbele ya mkubwa bila kuonekana hana adabu. Chaneli nayo haina nafasi ya shikamoo na marahaba kwa kila anayeita. “Afande” hubeba heshima yote katika neno moja, kisha ujumbe unafuata.

Mahali ambapo mapokeo hayakutoa neno, watumiaji wamejitungia. Waongoza watalii wa mbugani humwita simba “sharubu” ili abiria waliojifunza neno “simba” wasifahamu kinachosemwa. “Ova” na “roja” zimeingia zikiwa na matamshi ya Kiswahili, ila “roja” imepoteza mpaka wake. Asili yake ni herufi R ya alfabeti ya wakati wa vita, ikiwa na maana ya kwamba ujumbe umepokewa, basi. Kwa wengi leo ina maana ya kukubali. “Sawa” ni tata zaidi: huweza kumaanisha nimesikia, naafiki, au nitatekeleza, na mkuu wa zamu anayesikia “sawa” hajui ni ipi kati ya hizo tatu. “Nimekupata” na “nitatekeleza” zingetosha, kama zingefundishwa kuwa maneno mawili yenye kazi mbili.

Tarakimu na saa

Tarakimu za Kiswahili hazijawahi kupata uangalizi uliopata zile za Kiingereza, na zinauhitaji zaidi. “Sita” na “tisa” zina konsonanti zile zile na irabu zile zile, zilizobadilishana nafasi tu. Ni Nectar na Victor yetu, ila mbaya zaidi. “Tatu” na “tano” zinashirikiana silabi ya kwanza. “Nne” huanza kwa nazali inayobeba silabi peke yake, na katika kelele ya injini haiko mbali na “nane.”

Dawa iko ndani ya lugha yenyewe. “Kenda” ni neno la Kibantu la tarakimu 9, kongwe kuliko “tisa” ya Kiarabu, na halifanani na tarakimu nyingine yoyote. Katika sehemu za Kongo husikika pia “ine” na “munane,” jozi ambayo sikio huitenganisha kwa urahisi kuliko “nne” na “nane.” Maumbo hayo yamezoeleka kuhesabiwa kuwa ya pembezoni. Kwa kipimo cha redio, pembezoni ndiko kwenye maumbo bora.

Saa ni tatizo la namna yake. “Saa kumi” kwa hesabu ya Kiswahili ni saa 16:00. Kwa askari aliyefunzwa saa ya kijeshi na anayetafsiri kichwani, ni saa 10:00. Maneno “asubuhi” na “jioni” huondoa utata, lakini ndiyo ya kwanza kuachwa pale ujumbe unapofupishwa.

Ziwani na mpakani

Baharini kazi ya kuchuja maneno imekwisha kufanywa. Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha semi sanifu za mawasiliano mwaka 2001, zote kwa Kiingereza, na chaneli 16, yaani megahezi 156.8, ndiyo ya wito na dhiki. Ziwa Viktoria lina nchi tatu, na mabaharia wa boti zake wengi husema Kiswahili, Kiluganda, Kijaluo au Kisukuma kabla ya Kiingereza, kama Kiingereza wanakijua. Mamia ya watu walikufa MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na zaidi ya 200 MV Nyerere ilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018. Ajali hizo zilikuwa na sababu zake, ambazo si za lugha. Ila katika ziwa la namna hiyo, lugha ya kuomba msaada haiwezi kuachwa ijipange yenyewe.

Nchi kavu hali si tofauti. Kati ya Novemba 2022 na Desemba 2023, wanajeshi wa Kenya, Uganda, Burundi na Sudan Kusini walikuwa Kongo mashariki chini ya bendera moja ya Jumuiya, wakitoka katika mifumo ya Kiingereza na ya Kifaransa. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya walikubali kiwe miongoni mwa lugha rasmi zake. Maazimio hayo yanahusu vikao, nyaraka na shule. Hakuna hata moja linalosema askari wa Bujumbura amtajieje mwenzake wa Kampala namba ya gari.

Hoja kwamba Kiingereza kinatosha, kwa kuwa kimekwisha kujaribiwa, ina uzito kwa marubani, nao wabaki nacho. Kwa walinzi, wavuvi na madereva wa gari la wagonjwa haina uzito huo, kwani orodha iliyojaribiwa haimsaidii asiyeijua. Hoja ya pili, kwamba mabaraza yatunge istilahi kwanza, inarudisha njia ya mwaka 1930. Mpangilio ungepaswa kugeuzwa: sikio litangulie, kamusi ifuate. Jaribio lenyewe si la gharama kubwa. Linahitaji redio mbili za kawaida, kelele ya injini ya boti, orodha ya tarakimu na amri zinazoshindana, “tisa” dhidi ya “kenda,” “hatutaingia” dhidi ya “hapana, hatutaingia,” na wasikilizaji kutoka Mombasa, Mwanza, Kampala, Bujumbura na Bukavu, kila mmoja akiwa na karatasi na kalamu, akiandika alichosikia.