Somo la Historia: Mbaraka Mwinshehe na Bendi ya Morogoro Jazz

Leo tutajifunza habari za bendi ya dansi. Andikeni ubaoni miaka hii mitatu: 1944, 1973, 1979.

Ninyi wa Kibaigwa mnaijua barabara kuu ipitayo mbele ya soko la mahindi. Malori yakielekea Dar es Salaam hupita Gairo, kisha Dumila, ndipo hufika Morogoro. Katika mji huo iliundwa bendi ya Morogoro Jazz mwaka 1944. Mwaka 1948 Salum Abdullah aliunda bendi nyingine mjini humo, ambayo baadaye iliitwa Cuban Marimba. Alipenda santuri za rumba kutoka Cuba, lakini aliimba kwa Kiswahili. Bendi hizo mbili zilishindana, na ushindani ukazinoa zote. Salum Abdullah alifariki mwaka 1965 katika ajali ya gari.

Mbaraka Mwinshehe alizaliwa mwaka 1944, mwaka ule ule wa kuundwa kwa Morogoro Jazz. Alijiunga nayo katika miaka ya 1960, akawa mpiga gitaa na mwimbaji wake mkuu. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Osaka. Fikirini: vijana wa Morogoro wakapiga dansi mbele ya mataifa!

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka akaunda bendi yake, Super Volcano. Katika siku zile wanamuziki wengi hawakuwa na vyombo vyao. Magitaa na vipaza sauti vilikuwa mali ya klabu au ya tajiri. Mwanamuziki wa namna hiyo ni kama mkulima anayelima kwa jembe la kuazima: mwenye jembe akilitaka, kazi imesimama. Tena Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Kwa hiyo Mbaraka alikwenda Kenya kurekodi, na huko wimbo wake "Shida" ulinunuliwa na watu wengi sana.

Januari 1979 alifariki katika ajali ya gari huko Mombasa. Haya, toeni 1944 katika 1979. Mmepata 35. Lakini alizaliwa mwezi wa Juni, basi alikuwa bado na miaka 34.

Tazameni jambo hili. Mji mmoja uliwatoa waimbaji wawili hodari, na barabara ikawachukua wote wawili. Gitaa hubebwa garini sawa na gunia la mahindi, na dereva ndiye aliyeshika roho za wote. Anayejua kusoma asome kibao cha mwendo, na abiria asione haya kumwambia dereva, "Ndugu, punguza."

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini Mbaraka alirekodi Kenya?
2. Kuna faida gani mfanyakazi kumiliki vyombo vyake vya kazi?
3. Hapa kwetu, ni mahali gani barabarani penye hatari, na tufanye nini?

Kwaherini, hadi somo lijalo.