Nachingwea: Hapa Alisema Samora

Kuanzia 1965, FRELIMO, iliyopigania uhuru wa Msumbiji, iliwafunza wapiganaji wake Nachingwea, kusini mwa Tanzania, kwenye ardhi ambayo Waingereza waliifyeka kulima karanga baada ya Vita Kuu ya Pili wakashindwa. Samora Machel, aliyekuwa muuguzi, aliwaongoza. Hotuba zake zilikuwa ndefu: aliuliza, umati ukajibu kwa sauti moja. Wito uliodumu kuliko yote ni “A luta continua”, mapambano yanaendelea. Mei 1975 alivuka mto Ruvuma kurudi kwao. Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni. Alifariki katika ajali ya ndege, tarehe 19 Oktoba 1986. Ukikutana na mzee wa Nachingwea au Ruangwa aliyemsikia, mwamkie, umwombe akusimulie.