Kivuli cha Ami

Simulizi za malezi ya yatima aghalabu humtaja bibi, shangazi au mama wa kambo. Mwanamume hutajwa kwa posho aliyotoa, kisha hadithi ikamwacha mlangoni. Hata hivyo, sira inayosomwa katika mwambao wetu kila Mfunguo Sita, wakati wa Maulidi, ni pia historia ya wanaume waliolea watoto wasiowazaa.

Mtume Muhammad (S.A.W.) alizaliwa Makka yapata mwaka 570, baba yake, Abdullah, akiwa ameshafariki. Alipofika umri wa miaka 6, mama yake, Bibi Amina, alifia njiani, Abwaa, wakirudi kutoka Yathrib. Babu yake, Abdul-Muttalib, akamchukua. Wapokezi wa sira wanasimulia kuwa mzee huyo alikuwa akitandikiwa busati kivulini mwa Al-Kaaba, wala hapana katika wanawe aliyethubutu kulikalia. Mtoto alipolikalia, ami zake walitaka kumwondosha. Babu akawakataza, akamweka ubavuni pake na kumpapasa mgongo.

Baada ya miaka 2 babu naye akafariki. Malezi yakamwangukia Abu Talib, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja na Abdullah. Hakuwa na mali, na watoto wake mwenyewe walikuwa wengi. Mkewe, Bibi Fatima binti Asad, alibeba sehemu kubwa ya mzigo huo wa nyumbani. Siku moja msafara wa biashara ulipokuwa ukielekea Sham, kijana alimng'ang'ania ami yake asiachwe. Abu Talib akabadili nia, akafuatana naye safari nzima.

Malezi hayo hayakukoma kijana alipobaleghe. Kuanzia yapata mwaka 616, Makureshi walipowasusia Bani Hashim, wakakata kuuziana na kuoana nao, Abu Talib alikuwa tayari mzee. Hakumtoa mwana wa nduguye. Alifariki yapata mwaka 619, Mwaka wa Huzuni, ulezi wake ukiwa umepindukia miaka 40. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya imani yake. Juu ya hifadhi yake hawakukhitilafiana.

Deni hilo lilikuwa limeanza kulipwa kabla ya hapo. Ukame ulipoibana Makka, Mtume alimwendea ami yake mwingine, Abbas, wakashauriana kumpunguzia Abu Talib mzigo. Abbas akamchukua Jaafar, Mtume akamchukua Ali. Aliyelelewa akawa mlezi.

Mtihani mzito zaidi ulikuwa wa Zayd bin Haritha. Alitekwa utotoni akauzwa, hata akafika nyumbani kwa Bibi Khadija na Muhammad. Baba yake mzazi alipopata habari, alikuja Makka na fidia mkononi. Muhammad hakutaka fidia. Alimwachia kijana achague. Zayd akachagua kubaki. Hapo Muhammad akatangaza mbele ya watu kuwa huyo ni mwanawe, na Haritha akarudi kwao ametulia moyo. Tuyatazame masikitiko ya wanaume hao wawili: mmoja angeweza kumpoteza aliyemlea, mwingine alikubali kumwacha aliyemzaa.

Baadaye, Madina, Sura ya Al-Ahzab iliamrisha watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao. Zayd bin Muhammad akarejea kuwa Zayd bin Haritha. Jina liliondoka, mapenzi yakabaki: mwaka 629 alikabidhiwa uongozi wa jeshi la Muta, na huko akafa shahidi.

Kutokana na msingi huo sharia ya Kiislamu ilijenga kafala, yaani kumlea mtoto bila kumfutia nasaba yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 uliitaja katika ibara ya 20, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 ikaitambua. Lakini kabla ya kuandikwa katika sheria yoyote, ilikuwa nafasi kwenye busati, na mahali pa mtoto katika msafara wa ami yake. Mwanamume anayelea mwana wa mwenziwe humpa kivuli chake chote, na jina humwachia la babaye.