Bando la Usiku na Uchovu wa Masomo Lushoto

Mwanachuo akisinzia darasani asubuhi, hukumu huwa imeshatoka: alikesha na simu. Siku hizi dai hilo limevaa joho la utafiti. Kinachukuliwa kipimo cha uraibu wa intaneti alichokitunga Kimberly Young mwaka 1998, kinawekwa sambamba na kipimo cha uchovu wa masomo cha Wilmar Schaufeli na wenzake cha mwaka 2002, na alama zikipanda pamoja inahitimishwa kwamba mtandao ndio unaochosha.

Uchovu wenyewe siupingi. Dalili tatu za Schaufeli, yaani kuishiwa nguvu, kuyaona masomo hayana maana na kujiona huwezi, ni mhadhiri gani asiyezijua? Shirika la Afya Duniani lilipoieleza hali hii mwaka 2019 liliifunga kwenye ajira peke yake. Hilo nalipita, maana anayesoma sheria kutwa kucha yuko kazini hata kama halipwi.

Ugomvi wangu ni na kipimo cha kwanza. Swali lake mojawapo humuuliza mhojiwa ni mara ngapi hukosa usingizi kwa sababu ya kuingia mtandaoni usiku wa manane. Lipeleke swali hilo Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto. Mwanafunzi wa hapo anapaswa kusoma hukumu za Mahakama ya Rufani, na hukumu hizo zinapatikana TanzLII, hazina ya mtandaoni ya sheria za Tanzania. Anazisoma kwenye simu, kwa bando alilonunua mwenyewe. Bando la usiku ni rahisi kuliko la mchana, kwa hiyo mwenye hela ya kuhesabu anasubiri saa sita ifike, anapakua hukumu, mitihani ya nyuma na mihadhara ya video, kisha analala saa tisa. Kwa swali la Young atajibu "kila mara", na alama zake za uraibu zitapanda. Kipimo cha Schaufeli kitamkuta amechoka kwelikweli. Uhusiano wa takwimu umepatikana, ila kilichopimwa ni bei. Na bei ya bando si jambo dogo nchini: Aprili 2021, utaratibu mpya wa vifurushi ulipopandisha gharama, kilio cha wananchi kiliifanya Serikali iusitishe papo hapo.

Kwamba maktaba zipo ni jibu la mtu asiyelijua eneo. Aliyepanga chumba mjini hatapanda hadi maktaba ya chuo kilichoko Magamba usiku wa Julai, katika baridi na ukungu, kufuata mtandao wa bure. Chuo hicho ni Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Sebastian Kolowa, kilichoanza mwaka 2007 kikitilia mkazo elimu maalumu. Kwa mwanafunzi asiyeona, simu inayomsomea maandishi kwa sauti ndiyo kitabu chenyewe. Ukimhesabia saa za skrini, umehesabu nini?

Nitaambiwa kwamba usiku huohuo ndio wa TikTok. Ni kweli, na wapo wanaozama humo hadi alfajiri. Lakini Amy Orben na Andrew Przybylski, katika uchambuzi wao wa mwaka 2019 wa takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Uingereza na Marekani, waliona kwamba matumizi ya teknolojia yalieleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti katika ustawi wao. Hao walikuwa wadogo kwa umri kuliko wanachuo wetu, na ustawi si kitu kimoja na uchovu wa masomo. Hata hivyo, anayetaka kuubebesha mtandao mzigo wote ana kazi ya kueleza udogo wa namba hiyo.

Huenda kukosa usingizi kwa ajili ya bando kusieleze kila kitu. Ada na hofu ya kudisko zina sehemu yake. Nathubutu kutabiri hata hivyo: chuo kitakachohifadhi hukumu na mihadhara kwenye seva yake ya ndani, ili wanafunzi wapakue mchana bila bando, kitaona uchovu ukipungua kabla mtu hajafuta hata programu moja kwenye simu yake.