Ngitili za Ibadakuli na Moshi wa Jiko Letu

Siku moja baada ya darasa la alasiri kijana mmoja aliniuliza suala ambalo sikuweza kulijibu pale pale. Tulikuwa katika mlango wa udhu, nami nimewaeleza ya kuwa Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi moja, na ya kuwa wanavyuoni wamekataza israfu ya maji hata kwa mtu aliyekaa kando ya mto. Kijana akasema: "Shehe, hayo nimeyakubali. Lakini kila siku twaambiwa tuache mkaa, tupande miti, tupunguze hiki na kile, kwa kuwa dunia imeingia joto. Joto hilo tumelitia sisi? Moshi wa jiko la mama yangu una nini mbele ya moshi wa viwanda vya Ulaya na Marekani?"

Ndugu msomaji, suala hili si la upuuzi, na anayemkemea mwulizaji hamtendei haki. Hewa ya kaboni itokayo katika mafuta, gesi na makaa ya mawe, ukiigawa kwa vichwa vya watu, fungu la Mtanzania halifiki nusu tani kwa mwaka, na la Mmarekani ni kama tani 14. Na wenzetu hao walianza kuyachoma makaa yao kabla babu zetu hawajaona taa ya umeme. Basi mwenye deni kubwa anajulikana, na kumtwisha mama wa Tanga au Lamu deni la dunia nzima ni dhuluma. Hata hivyo sikuridhika kuliacha jambo hapo, kwani niliwahi kuishi mahali ambapo watu waliharibu nchi yao, wakaona kiangazi chake, kisha wakairudisha wao wenyewe. Mahali hapo ni Ibadakuli.

Msomaji wa pwani akilisikia jina hilo hudhani lina ibada ndani yake. Sivyo, ni jina la wenyeji, na ni kata iliyo pembeni ya mji wa Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma. Nilipelekwa huko mwaka 1983, kijana mwenye kilemba kipya, kusomesha watoto wa Waislamu wachache waliokuwapo, jamaa za wafanya biashara na watu wa reli. Mimi niliyezoea minazi na miembe nilistaajabu. Ukisimama mlangoni waona mpaka mwisho wa macho, na hapana kilichosimama ila vichuguu na ng'ombe. Mvua za huko ni baina ya milimita 600 na 800 kwa mwaka, tena haziaminiki. Wanawake walitoka kabla ya alfajiri kutafuta kuni wakarejea adhuhuri, na waliokosa walipikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Nikadhani Mwenyezi Mungu aliiumba nchi ile hivyo.

Mzee mmoja jirani yangu ndiye aliyenitoa ujinga. Akaniambia, "Mwalimu, hapa palikuwa na msitu. Mimi nimeukata." Akacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika miaka ya 1920 na 1930 Waingereza walikuwa wakipigana na mbung'o, inzi aletaye malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Idara yao ya utafiti wa mbung'o ilikaa Shinyanga, mkuu wake akiwa Swynnerton, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Waligundua ya kuwa mbung'o hawezi kuishi pasipo kivuli, na dawa yao ikawa kuondoa kivuli. Kila mwaka watu waliitwa kwa maelfu, kila mtu na shoka lake, wakafyeka vichaka maili kwa maili. Tusiwe wepesi wa kuwalaumu. Malale yalikuwa yakiua, na mfugaji aliyepoteza zizi zima hahitaji kushawishiwa ili akate mti. Mbung'o aliondoka kweli. Na palipoondoka mbung'o pakaingia jembe la pamba, na pamba ilipoleta fedha, fedha zikanunua ng'ombe, kwa kuwa Msukuma wa zamani benki yake ni zizi. Msitu haukupata nafasi ya kurudi.

Wazee wa Kisukuma walikuwa na dawa yao, nayo ni ngitili. Mtu hufunga sehemu ya malisho yake mvua zinapoanza, asiingize mnyama, nyasi zikue na miche iinuke, kisha hufungua wakati wa kiangazi kikali ili ndama na ng'ombe dhaifu wapate kula. Kila mji ulikuwa na yake. Ilipokuja operesheni ya vijiji katika miaka ya 1970, watu walihamishwa wakaishi pamoja, mbali na ngitili zao. Ngitili isiyo na mwenyewe karibu huwa ya kila mtu, na zikaliwa zote. Ilipofika mwaka 1986, ngitili zilizojulikana katika mkoa mzima hazikuzidi hekta 600.

Mwalimu Nyerere alitembelea Shinyanga katikati ya miaka ya 1980 akafadhaishwa na alichokiona, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzo wake haukuwa mzuri, lazima tuseme kweli. Yalifanywa mabustani ya miche, miche ikagawiwa kwa magari, watu wakapanda siku ya sherehe, na miche mingi ikafa. Mti wa serikali nani aununulie maji? Baadaye wataalamu wakafanya jambo ambalo ni gumu kwa wataalamu, nalo ni kukaa chini na kuwauliza wazee. Wazee wakasema: rudisheni ngitili. Mizizi ya ile miti iliyofyekwa ingali hai ardhini. Msipande kitu, zuieni shoka na ng'ombe tu.

Hapa ndipo ninapoingia mimi, na si kwa sifa. Mwaka 1991 nilikuwa na wanafunzi wa bweni kumi na wawili, na chungu cha maharage hakikosekani motoni. Kijana mmoja akaniletea mzigo wa kuni kwa bei rahisi, nikanunua bila ya kuuliza zimetoka wapi. Siku ya pili Sungusungu wakanijia, wale walinzi wa kijiji wenye pinde, wakanipeleka kwenye dagashida, baraza lao la wazee. Kuni zilikuwa zimekatwa katika ngitili ya mjane mmoja. Nilitaka kujitetea kwamba mimi sikukata. Yule mzee jirani yangu, ambaye nilidhani atanisaidia, akaniuliza mbele ya watu: "Kama wewe usingenunua, yeye angekata?" Nikanyamaza. Nikalipa faini pamoja na mkata kuni, sawa kwa sawa, na mjane akalipwa. Tangu siku ile nikaanza kuroweka maharage usiku kucha, nikajenga jiko la udongo lenye ukuta, na mzigo wa siku mbili ukawa wa siku nne. Sikufanya hivyo kwa ajili ya hali ya hewa ya dunia. Nilifanya kwa aibu, na kwa kuwa faini ya pili ingekuwa kubwa zaidi.

Mradi ulipokwisha mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Nyingine za familia, nyingine za kijiji, nyingine za shule. Nyuki walirudi, dawa za miti shamba zikapatikana, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria ya kuwa faida ya ngitili kwa mtu mmoja ni kama dola 14 kwa mwezi, wakati matumizi ya kawaida ya mtu wa shamba Tanzania yalikuwa dola 8 na nusu. Na miti ile ikikua huivuta kaboni hewani, ingawa mjane wa Ibadakuli hakuwa akilijua neno hilo.

Nikamwambia kijana wangu: tazama hapa vizuri. Mtu mmoja akiacha kukata na jirani yake anakata, ameuhifadhi mti kwa ajili ya shoka la jirani. Hilo ndilo lililoko ndani ya swali lako, na una haki. Ngitili hazikurudi kwa wema wa mtu mmoja mmoja. Zilirudi kwa sababu kulikuwa na mpaka unaojulikana, na baraza, na faini isiyomwogopa mwalimu. Lakini baraza lile nalo halikushuka na mvua. Walilikalia watu ambao kila mmoja ameanza kufunga kipande chake, na asiyefunga chake hakusikilizwa akisimama kusema.

Sheria yetu inalijua jambo hili tangu zamani. Bwana Mtume (S.A.W.) alitenga malisho ya Naqii kuwa himaa, na Madina akaifanya haram isiyokatwa miti. Sayyidna Umar (R.A.) alipomweka mtu wake kulinda himaa, alimwagiza awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, na awazuie matajiri mfano wa Ibn Affan na Ibn Auf, masahaba watukufu. Hoja yake ilikuwa kwamba tajiri akifiwa na wanyama ana mashamba na mitende ya kurejea, na maskini akifiwa atakuja na watoto wake mlangoni kwa khalifa. Yaani katazo lilianza kwa mwenye nacho. Mkutano wa mataifa unaozungumza hali ya hewa na usitamke neno hili bado haujafika kwa Umar.

Na miongoni mwetu wenyewe mwenye nacho yuko. Mkaa wa Dar es Salaam watoka misitu ya Pwani, Rufiji na Kilosa, na anayeuchoma kwa wingi si bibi kizee mwenye sufuria moja. Serikali ya Tanzania ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kufikia Januari 2024, na hilo naliona ni sawa, kwani limeanza na chungu kikubwa. Sisi nasi tuna vyungu vikubwa: arusi, hitima na maulidi, ambako pilau humwagwa jalalani na magunia ya mkaa yameteketea chini yake. Kule Gazi, kusini ya Mombasa, wanakijiji walianza mwaka 2013 kuuza kaboni ya mikoko yao chini ya mpango wa Mikoko Pamoja, na fedha zikaingia katika maji ya kijiji na shule. Nao pia walianza kwa kukubaliana nani asikate.

Nilirudi Ibadakuli mwaka jana kwa maziko. Siku hizi pana uwanja wa ndege, na kituo kikubwa cha kupoza umeme ambacho nyaya zake zaenda mpaka Bulyanhulu na Geita, na chini ya nyaya hizo watu wanapikia mkaa. Yule mzee amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Ngitili yake ingali imesimama, migunga mirefu iliyokuwa visiki nilipofika. Wanawe wanne wanaigombania. Mmoja ataka kuuza magogo kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, ambao huyatumia kuwa matimba ya kuzuia maduara yao yasiporomoke, na fedha yake ni taslimu. Dada yao ataka ibaki. Niliulizwa rai yangu nikasema mimi ni mgeni, tena niliwahi kutozwa faini hapa hapa. Wakacheka, wakasema dagashida itakaa baada ya mavuno.