Mstari wa Mbele: Umoja Usiokuwa na Katiba

Nchi za Mstari wa Mbele, zilizopinga utawala wa wachache weupe kusini mwa Afrika, hazikuwahi kuwa na katiba, makao makuu wala sekretarieti. Tanzania, Zambia, Botswana na Msumbiji, baadaye Angola, na Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, ziliendesha mambo kwa marais kukutana, Rais Nyerere wa Tanzania akiwa mwenyekiti hadi 1985. Wengi huusifu ushirikiano huo kuwa udugu wa waasisi. Udugu ulikuwepo, lakini kilichoupa nguvu ni ardhi. Wapiganaji wa Zimbabwe walikuwa na kambi Msumbiji na Zambia, na mwenye kambi husikilizwa na aliyemo kambini. Ndiyo maana mwaka 1976 Nkomo na Mugabe, viongozi wa wapiganaji hao na mahasimu wakubwa, waliingia katika muungano wa Patriotic Front kabla ya mkutano wa Geneva kuhusu Rhodesia, kama Zimbabwe ilivyoitwa wakati huo. Mazungumzo ya Lancaster House kuhusu uhuru wa Zimbabwe yalipoyumba mwaka 1979, Rais Machel wa Msumbiji ndiye aliyemweleza Mugabe kwamba Msumbiji haiwezi kuendelea kuubeba mzigo wa vita hivyo.

Atakayepinga atataja mifarakano, nayo haikuwa midogo. Baada ya uhuru wa Angola mwaka 1975, Tanzania na Msumbiji ziliitambua serikali ya chama cha MPLA, huku Zambia ikitaka serikali ya umoja. Oktoba 1978 Rais Kaunda wa Zambia alifungua tena njia ya reli kupitia Rhodesia, iliyofungwa tangu 1973, kwa kuwa wakulima walihitaji mbolea. Nyerere na Machel walichukizwa. Mwaka 1984 Machel mwenyewe alitia saini mkataba wa Nkomati na serikali ya makaburu ya Pretoria. Botswana nayo haikuruhusu kambi za kivita kabisa. Naamini kundi lenye kifungu cha kumwadhibu mwanachama lingevunjika. Hili halikuwa nacho, na kila rais alijua vita vinamgharimu nini mwenzake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba utaratibu wa marais bila kanuni hautabiriki. Mfano ulionekana baadaye: mwaka 1996 SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, iliunda chombo cha siasa, ulinzi na usalama, Mugabe akiwa mwenyekiti. Agosti 1998 Zimbabwe, Angola na Namibia zikapeleka majeshi vitani katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilhali Mandela, rais wa Afrika Kusini na mwenyekiti wa SADC yenyewe, alitaka mazungumzo. Itifaki ya Blantyre ya mwaka 2001 ilikuja kuweka kanuni, na zilihitajika. Hata hivyo, karatasi peke yake haielezi tofauti ya mwaka 1979 na 1998. Mwaka 1979 walioshinikiza suluhu ndio waliokuwa wakivigharimia vita. Mwaka 1998 Mandela alishauri amani mahali ambapo hakuwa na jeshi wala kambi ya kumfungia mtu.