Cheti cha P1 na Lugha Tatu za Darasani

Mtoto wa Kola, kwenye vilima vya kusini mwa mji wa Machakos, huingia darasa la kwanza na Kikamba chake. Mwalimu humfundisha kusoma, kisha humvusha hadi Kiswahili na Kiingereza.

Sera ya lugha shuleni nchini Kenya iliyumba. Ripoti ya Ominde, 1964, ilitaka Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ya Gachathi, 1976, ikarudisha lugha ya eneo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani.

Mzigo wote uliwaangukia walimu. Kwa miongo mingi, aliyetaka cheti cha P1, cha ualimu wa shule za msingi, alisoma chuoni miaka miwili, kisha akafanya mtihani wa Baraza la Mitihani. Lakini kipimo kikali zaidi kilikuwa mazoezi ya kufundisha: andalio la somo mkononi, mkaguzi nyuma ya darasa, watoto wakisubiri kusomeshwa silabi.

Mwaka 2021 vyuo vilianza kupokea wanafunzi wa stashahada ya miaka mitatu, badala ya P1.